Robo ya Pili ya Utando

Siku utando wa zamani ulipotolewa kwenye tangi, watu wa Nkoaleti walisimama pande zote mbili za njia kama wanaomsindikiza bibi harusi, ila hakuna aliyepiga kigelegele. Punda wa chuma alishuka nao taratibu, miguu yake minne ikichagua jiwe la kukanyaga, na mgongoni alikuwa amefungwa sanduku la kioo kwa mikanda mipana. Ndani ya sanduku ulikuwamo utando wenyewe, mweupe, laini, wenye upana wa kanga moja, umekazwa kwenye fremu iliyogawanywa kama dirisha la vioo vinne. Mzee mmoja alivua kofia ulipompita. Mama mmoja alisema "asante" kwa sauti ya chini, akaona haya, akajifanya anamfuta mtoto wake kamasi.

Bibi Ndeonasia alitembea ubavuni mwa punda, kiganja juu ya sanduku, kama mtu anayemshika mgonjwa asianguke kitandani. Yeye ndiye aliyekuwa akiendesha Jicho, ile mashine ya kuona vitu vidogo kuliko nuru inavyokubali, na kazi ya siku ile ilikuwa yake.

"Mama," binti yake Elikunda alimwita kutoka nyuma, mtoto mgongoni. "Na usipoona kitu?"

"Nitaona."

"Sijauliza hivyo. Nimeuliza usipoona."

Ndeonasia alinyoosha mkono akaushika mguu wa mjukuu wake, Lilio, uliokuwa ukining'inia nje ya mbeleko. Kwenye kifundo cha mguu palikuwa na kikuku cha kijani. Siku hizi kila mtoto wa mlimani anavishwa kikuku zahanati siku anayozaliwa, naye hakivui mpaka amalize kukua. Kikiwa kijani, mifupa iko salama. Kikigeuka njano, madini ya floridi yameanza kuingia. Kikifika rangi ya chungwa, basi miguu imeshaanza kupinda, na hakuna daktari wa kuirudisha.

Maji ya Nkoaleti ukiyaona utayasifu. Yanatoka mlimani ya baridi, yanametameta, hayana hata unyasi. Lakini ndani yamebeba hayo madini, na watu wa umri wa Ndeonasia wote wana meno ya kahawia kama waliozaliwa wakitafuna ugoro. Wengine walipinda miguu wangali watoto. Kisha ukaja utando. Ulifungwa kwenye tangi mwaka ambao Elikunda alikuwa mtoto wa kunyonya, na tangu hapo watoto wa Nkoaleti wakaanza kucheka bila kuziba mdomo.

Shida ni kwamba ulikuwa mmoja tu. Karakana ya wilaya ilitengeneza mwingine, na mwingine, kwa nyuzi zilezile za udongo, tanuri lilelile na vipimo vilevile. Zote ziliziba kabla ya mvua kurudi. Vijiji vya chini viliendelea kunywa maji yao, na vikuku vya watoto wao vilikuwa rangi ya chungwa.

"Kuna kitu utando huu unacho ambacho wenzake hawana," Ndeonasia alisema hatimaye. "Kidogo mno. Lazima kionekane."

"Na ili kionekane lazima uuchome."

"Ndiyo."

"Sasa hilo ndilo sijawahi kulielewa. Kuangalia tu, kunachomaje?"

Ndeonasia alisimama, naye punda akasimama. Ng'ambo ya bonde palikuwa na kijiji, mabati yake yakiwaka jua.

"Jioni ukisimama hapa, watu wa kule wakiwa wamewasha taa zote, unaona nini?"

"Weupe mmoja tu. Kama mtu kamwaga unga."

"Nyumba huwezi kuzitenganisha. Ndivyo nuru ilivyo, ina unene wake. Vitu viwili vikikaribiana kuliko unene huo, inavipaka pamoja, hata ukiwa na lenzi ya bei gani. Sasa sema wote wazime. Mama Fulani awashe taa yake peke yake, azime. Jirani awashe, azime. Wewe una karatasi, na kila taa ikiwaka unaweka nukta katikati ya mwanga wake. Ukimaliza una kijiji kizima, mpaka mabanda ya kuku."

"Na taa zenyewe ni ile dawa mnayopaka."

"Ile dawa. Inashika kila mahali kwenye utando, halafu mwali unaiamsha kidogokidogo, moja hapa, moja kule. Ila taa hizi zinawaka mara moja. Ikizimika imekufa, na pale ilipokaa pameungua. Ukishauona, huwezi tena kuunywea maji."

Elikunda alimpandisha mtoto mgongoni akakaza mbeleko. "Basi afadhali uone," alisema.

* * *

Injinia Akyoo aliwasubiri mlangoni mwa chumba cha Jicho, kofia ya plastiki kichwani, mikono nyuma. Alikuwa mmoja wa wale watoto wa kwanza kuota meno meupe, rika moja na Elikunda, na hilo lilimfanya aogope kuugusa utando huu kama mtu anavyoogopa kubomoa nyumba aliyozaliwa.

"Tutaanza na robo moja, Mama," alisema. "Robo tatu zitabaki. Tukipata jibu, tumepona. Tusipopata, maji yatapungua lakini hayatakatika."

Ndeonasia alinawa, akavaa glavu, akaikata robo ya kwanza kutoka kwenye fremu. Aliilaza kwenye beseni akaiosha kwa sabuni, kama taratibu inavyosema, kwa maana uchafu nao hushika dawa ukadanganya macho. Aliisuuza, akaikausha, akaidondoshea dawa tone kwa tone, akaiingiza chini ya Jicho na kuzima taa ya chumbani.

Mwali wa zambarau ukaanza kazi. Kwenye kioo cheusi nukta moja ikawaka ikafa. Nyingine kule. Tatu kwa pamoja, mbalimbali. Mashine ilikuwa inaweka alama katikati ya kila moja, bila haraka, na picha ikaja kama uso wa mtu anayetoka kwenye ukungu. Kazi hii haitaki papara. Ndeonasia alikaa na chupa yake ya chai mapajani akatazama mpaka shingo ikamuuma.

Yalikuwa matundu. Matundu matupu, yamepangana kama masega, kingo zake laini.

Akyoo alivuta picha ya utando mmoja uliokufa akaiweka kando. Ungezibadilisha mahali, hakuna ambaye angejua ipi ni ipi.

"Ni yaleyale," alisema, akakaa chini sakafuni na koti lake jeupe.

Walirudisha robo tatu kwenye tangi, na kwenye pengo wakafunga bamba. Bomba likaanza kutoa maji membamba kama uzi. Kila nyumba ikapangiwa ndoo zake, na zikiisha, watu walijazia kwa maji ya kijito, uso umekunjwa, kama wanaokunywa dawa ya mtu mwingine.

Haikupita muda mrefu, Elikunda akaingia jikoni kwa mama yake, akamketisha Lilio mezani katikati ya vitunguu, akauinua mguu wake. Kikuku hakikuwa kijani. Hakikuwa njano pia. Kilikuwa rangi ya jani linalofikiria kukauka.

"Haya," alisema. "Ona na hiki. Hiki hakihitaji mashine."

Ndeonasia aliuchukua ule mguu mdogo mikononi mwake. Mtoto alicheka, akadhani anatekenywa.

* * *

Jambo lililokuwa likimsumbua Ndeonasia lilikuwa dogo, naye alilibeba kwa aibu kama mtu aliyesahau kufunga mlango. Siku ile ya robo ya kwanza, alipoyamwaga maji ya beseni kwenye maua ya mlangoni, alikuwa ameona ukungu ndani yake. Mwepesi. Mweupe. Alifikiri ni povu, akamwaga.

Alimweleza Akyoo. Akyoo alikunja uso akitafakari.

"Inaweza kuwa sabuni tu, Mama Elikunda."

"Inaweza."

"Na inaweza kuwa ndicho kitu chenyewe. Tumekiosha tukakipeleka kwenye maua." Alicheka kicheko kisicho na furaha. "Taratibu nimeiandika mimi. Ukiniuliza hata leo nitakwambia osha kwanza, ndiyo sahihi."

"Robo ya pili tusiioshe."

"Na ikiwa ni sabuni? Tutabaki na nusu. Kwa nusu, huyo mjukuu wako kikuku chake kitafika njano kabla hajaacha kunyonya." Alivua kofia akaishika mkononi. "Mimi mkono wangu hauendi, Mama. Utando huu umenilea. Vijiji vya chini navijua, watoto wao nawaona, lakini mkono hauendi. Wewe una damu yako humu. Utakalosema, nitalitia sahihi."

Ndeonasia alirudi nyumbani na mzigo huo. Angeweza kuamua peke yake, maana funguo za Jicho zilikuwa kiunoni mwake. Lakini aliona si haki kuamua kuhusu miguu ya mtoto bila kumuuliza aliyemzaa. Alimkuta Elikunda anapepeta mchele uani. Akachukua kigoda akakaa, akamweleza yote, ukungu na maua na sabuni, bila kupunguza.

Elikunda aliendelea kupepeta.

"Juzi alikuja mwanamke," alisema. "Kutoka chini kule, kwa miguu. Ana mtoto mgongoni mkubwa kuliko Lilio, lakini hatembei. Kaomba ndoo moja tu. Nikamwambia maji yetu yamepungua, nasi tuna watoto." Aliuweka ungo chini. "Akasema, 'Nashukuru, mama, hata hivyo.' Ananishukuru, Mama! Nimemnyima maji, na yeye ananishukuru, akageuka akaondoka. Kile kikuku cha mtoto wake nakiona mpaka nikilala."

"Wewe ulikuwa unamlinda wako."

"Najua nilichokuwa nafanya. Na kama utando huu ni wa kumnyima yule ili huyu apate, hata Lilio akikua na meno meupe nitamwambiaje alivyoyapata?" Alifuta macho kwa kiwiko kwa sababu mikono ilikuwa na vumbi la mchele. "Choma. Lakini usiponiletea jibu, usije kula hapa."

"Nitakula wapi sasa?"

"Utajua mwenyewe. Kwa injinia wako."

Wote wawili wakacheka, kicheko kile cha watu wanaoogopa.

* * *

Robo ya pili haikuoshwa. Ndeonasia aliibeba kwa ncha za koleo, akaidondoshea dawa vilevile ilivyo, na uchafu wake wote wa miaka. Akyoo alisimama nyuma ya kiti chake akiwa ameshika ukingo wa kiti kwa mikono miwili.

Nukta zikaanza. Mwanzoni ilikuwa vurugu tupu. Kisha vurugu ikaanza kujipanga. Matundu yakatokea, yaleyale ya masega. Lakini kila tundu lilikuwa limezungukwa ukingoni na punje. Punje za mviringo, zimekaa bega kwa bega kama shanga kwenye shingo ya mwari, tundu baada ya tundu, safu baada ya safu, mpaka mwisho wa kioo. Matope ya mlimani yalikuwa yamefika, yameonekana kabisa, yamegota kwenye zile shanga yakakosa pa kushika. Na katikati ya kila mkufu palikuwa wazi, panapita maji.

"Ee Mungu wangu," Akyoo alisema, na kiti kikatingishika.

Ndeonasia alikuwa analia bila sauti, huku akiendelea kusogeza kidude cha kulenga, maana taa zile zikishawaka hazirudi, na hakutaka hata moja iwake bila mtu wa kuitazama.

Walituma picha na mabaki kwenye maabara kubwa mjini. Jibu lilikuja siku ya gulio. Akyoo alilisoma amesimama, akalisoma tena amekaa.

"Wanasema ni maziwa."

"Maziwa gani?"

"Ya ng'ombe, Mama. Yaliyoganda. Wanauliza kama tunawatania."

* * *

Mkutano ulifanyika kwenye ukumbi wa shule. Akyoo aliionyesha picha ukutani, akaeleza punje zile ni nini na jinsi zilivyoungua zilipoonekana, kisha akauliza kwa heshima kama kuna mtu yeyote anayekumbuka utando kukutana na maziwa.

Kutoka benchi la nyuma, walipokaa bibi wazee, wale ambao mlimani huitwa koko, mtu akapumua kwa pua kama anayezuia chafya. Mwingine akainama na bega lake likaanza kutikisika. Punde benchi zima lilikuwa linacheka, kanga mdomoni, machozi yakiwatoka.

"Koko Rebeka," mwenyekiti alisema, "kuna nini huko?"

"Hakuna," alisema Koko Rebeka, mzee kuliko wote pale, miguu imepinda kama upinde, fimbo katikati ya magoti. "Nimepaliwa."

"Muongo huyo!" alidakia jirani yake. "Sema, Rebeka! Tangu wote tuwe na meno unatunyamazisha!"

"Wewe ndiye uliyeshika ncha ya pili!"

"Nilishika kwa sababu uliniambia shika!"

Ikatoka vipandevipande, huyu akisema, yule akisahihisha. Siku ya kuzindua tangi ilikuwa na wageni wengi, na wapishi waliambiwa wapike loshoro, mahindi ya kuchanganywa na maziwa mgando, ya kutosha watu wote. Mahindi yaliiva. Maziwa mgando yakaonekana mepesi mno, yana maji, na loshoro ya majimaji mbele ya wageni ni aibu ya mwaka mzima. Wakatafuta kitambaa cha kuyachuja. Stoo palikuwa na sanduku limefunguliwa, na ndani yake kitambaa kizuri, kipya, cheupe.

"Tukajua ni cha jikoni," alisema Koko Rebeka. "Sasa kitambaa kizuri vile, ungejua ni cha nini? Tukakikunjua, huyu huku, mimi huku, tukamimina. Kikachuja, wanangu! Sijaona kitambaa kinachuja vile."

"Halafu?" Akyoo aliuliza.

"Halafu wakaja vijana wa mradi wanauliza utando uko wapi."

Ukumbi ulilipuka.

"Tukausuuza kwa maji ya moto. Sabuni ilikuwa imeisha kwenye masufuria. Tukaurudisha sandukuni, tukaapizana. Wametangaza pale mbele ya wageni kwamba kila atakayeugusa atashtakiwa. Miaka yote hii kila nikinywa yale maji nasema, leo ndiyo utaziba."

Akyoo alishuka jukwaani. Alipita katikati ya mabenchi mpaka kwa yule mzee, na watu wakageuza shingo wasijue atafanya nini. Alipiga magoti kwenye sakafu ya saruji, akainamisha kichwa chini ya mkono wake.

"Shikamoo, Koko," alisema. "Mimi ni mmoja wa waliokunywa."

Koko Rebeka aliuweka mkono juu ya kile kichwa.

"Marahaba," alisema. "Inuka, utachafua suruali."

* * *

Wale bibi walipelekwa karakana ya wilaya kwa gari, wamevaa nguo za kanisani, wakabishana njia nzima maziwa yawe yamelala siku ngapi. Walichuja kwenye utando mpya kama walivyochuja mwanzo, mmoja ncha hii, mmoja ncha ile, na vijana wa karakana wakapima joto la maji ya kusuuzia. Utando ule ulifungwa kwanza kijiji cha chini. Elikunda ndiye aliyesema uende huko kwanza, na hakuna aliyepinga, kwa jinsi alivyosimama alipokuwa anasema.

Mvua zikaja, zikaisha, utando haukuziba. Uliofuata ukafungwa Nkoaleti, na kikuku cha Lilio, kilichokuwa kimefika njano, kikaanza kurudi, pole pole, kama mtu anayepona homa. Yule mwanamke wa chini alipanda tena mlimani na mtoto wake mgongoni. Hakuomba kitu. Alileta ndizi, akakaa uani na Elikunda mpaka jua likashuka, wakisukana.

Wakati huo ndipo Koko Rebeka alipokuja chumba cha Jicho, kwa fimbo yake, akipumzika kila kona.

"Nataka kuona," alisema. "Kule shuleni macho yangu hayakufika ukutani."

Ndeonasia alimsogezea kiti, akaikuza picha mpaka tundu moja likajaa kioo kizima, na punje zake zikiwaka kama makaa. Mzee alisogeza uso karibu sana, pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo, akaufuta kwa ncha ya kanga.

"Haya ndiyo yale maziwa?"

"Ndiyo yenyewe, Koko."

"Hayahaya tuliyomimina siku ile? Si mfano wake?"

"Hayahaya. Kila nukta unayoiona iliwaka pale pale ilipokaa."

Kidole cha Koko Rebeka, kilichopinda nacho, kikapita juu ya ile duara, punje moja baada ya nyingine.

"Maziwa ya siku ile yalikuwa ya nyumbani kwangu," alisema. "Ya Nalepo. Ng'ombe mweusi, ana baka hapa. Alikufa ule ukame uliofuata, kafia mikononi mwangu, na sikuwa na hata maji ya kumpa." Aliendelea kutazama. "Na wanangu wakubwa wote wamepinda, unawajua. Maji yalikuja yamechelewa kwetu. Basi nilikuwa nikisema, Nalepo yule alikuja duniani kufanya nini?"

Ndeonasia alitaka kumwambia kwamba punje hizo hazipo tena, kwamba kila moja iliungua ilipowaka, na picha hii ndiyo yote iliyobaki ya robo ile. Akaona mzee ameshajua. Alikuwepo mkutanoni, alisikia.

"Kumbe muda wote huo," Koko Rebeka alisema, "kijiji kizima kilikuwa bado kinamnyonya."

Alicheka peke yake, meno yake ya kahawia yote nje, bila kuziba mdomo.